Laga moja, vituo viwili: kisa cha timu ya wanawake katika Rhino Charge

Rhino Charge, mashindano ya magari ya Kenya yanayokwenda porini tangu 1989, hayampi tuzo anayefika kwanza. Usiku wa kuamkia mashindano kila timu hupewa ramani ya kipimo cha 1:50,000, viwianishi (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani) vya vituo 13, na kituo chake cha kuanzia. Kesho yake ina saa 10 za kuvifikia vyote mahali pasipo na barabara, huku kifaa cha GPS ndani ya gari kikihesabu kila mita. Anayefika vituo vingi zaidi ndiye anayetangulia. Wakilingana kwa vituo, aliyetembea umbali mfupi zaidi anashinda. Fedha zinazochangishwa na timu zinakwenda kwa Rhino Ark, shirika lililoanzishwa 1988 kuwalinda faru wa msitu wa Aberdare, katikati ya Kenya, na ndizo zilizosaidia kujenga uzio wa umeme wa karibu kilomita 400 kuuzunguka msitu ule, uzio uliokamilika 2009. Wanawake hawatengewi uwanja wao. Vituo ni vilevile, saa ni zilezile, na timu yao iliyofanya vizuri kuliko nyingine hutwaa Coupe des Dames, yaani kombe la wanawake.

Kisa tunachokichambua hapa tumekijenga kwa ajili ya mafunzo. Timu haina jina, na vipimo ni vya mfano. Makosa yaliyomo, hata hivyo, ni yale yanayojirudia katika timu mpya, na hesabu zake unaweza kuzifuata kwa penseli.

Timu ni ya wanawake sita: dereva, msomaji ramani, wakimbiaji wawili, mmoja wa winchi, na fundi. Gari ni Land Cruiser fupi, tani 2.4 likiwa na watu na mizigo, winchi ya umeme ya kilo 4,300 mbele (mashine inayokunja kamba kwenye ngoma ili kulivuta gari), kamba ya saintetiki ya mita 28. Wameanza saa 1:30 asubuhi, muda wao unaisha saa 11:30 jioni. Saa 6:40 mchana wako kituo cha saba katika mpangilio wao. Dakika 310 zimekwisha kwa miguu sita ya safari, yaani vipande sita vya njia kati ya kituo na kituo, wastani wa dakika 52. Zimebaki dakika 290 na miguu sita mingine, yaani dakika 48 kwa kila mmoja. Wamebanwa, lakini bado inawezekana.

Kituo cha nane kiko mita 2,600 moja kwa moja. Ramani inaonyesha laga, mto mkavu, ukikata mstari wao mita 1,400 mbele. Saa 6:40 hiyohiyo wanaondoka wote pamoja, wakimbiaji wakitangulia gari kwa mita hamsini tu, wakitoa mawe ya volkano na kuonyesha njia kati ya migunga. Saa 7:02 wanasimama ukingoni.

Ukingo wa huku una kimo cha mita 3, udongo wa mfinyanzi uliopasukapasuka. Sakafu ni mchanga wa upana wa mita 18. Ukuta wa ng'ambo ni mita 3.5, mwinuko wa nyuzi 45, na juu yake mdomo wa udongo mgumu uliosimama wima. Mkimbiaji mmoja anakwenda kutazama upande wa juu wa mto na kuita kwa redio: mita 600 huko kuna kivuko cha mifugo, ng'ombe wamekanyaga kingo zote mbili zikalala.

Hapo ndipo hesabu inapowageuka. Kutoka walipo hadi kivukoni ni mita 600, na kutoka kivukoni hadi kituo cha nane ni mita 1,342. Ukijumlisha na 1,400 walizokwisha kutembea, mguu mzima unakuwa mita 3,342, yaani 742 zaidi ya mstari mnyoofu. Kwa timu iliyookoa mita 50 hapa na 80 pale tangu asubuhi, 742 inauma. Wanabishana dakika nane. Wanaamua kushuka.

Saa 7:10 dereva anaingiza gia ya kwanza ya gia ndogo, anafunga difu ili magurudumu yazunguke pamoja, anashuka bila kukanyaga breki. Amefanya sawa, kwa sababu kwenye mteremko mkali magurudumu yakifungwa na breki gari hugeuka ubavu. Lakini hakuna aliyepima udongo. Mdomo wa ukingo unamomonyoka chini ya magurudumu ya mbele, pua inajichimbia mchangani, bampa la mbele linafukiwa, na magurudumu ya nyuma yanabaki yakining'inia. Majembe yanatoka. Wanapunguza upepo wa tairi kutoka psi 22 hadi 15. Saa 7:45 gari limevuka mchanga na limesimama mbele ya ukuta wa pili.

Ukutani winchi inafungwa kwenye mgunga ulio mita 24 mbele, kamba moja, pembeni kidogo ya mhimili wa gari. Injini iko kwenye mzunguko wa chini. Wanavuta mfululizo kwa dakika tatu. Gari linapanda mita moja na nusu, magurudumu yanagonga ule mdomo wima, kamba inajirundika upande mmoja wa ngoma, na winchi inajizima. Imepata moto mno. Saa inasoma 8:00.

Wanasubiri ipoe. Kapi wanalo, lile gurudumu la kupitishia kamba ili mzigo ugawanyike, lakini kapi linataka kamba iende na kurudi: mita 24 mara mbili ni 48, na wao wana 28. Mkanda wa kurefushia wa mita 20 waliuacha kambini ili kupunguza uzito. Kwa hiyo wanachimba shimo mita 12 mbele ya gari, wanazika gurudumu la spea wima na kulifunga kwa mnyororo, huku wawili wengine wakipunguza mdomo wa ukuta kwa sururu. Kazi hiyo inamalizika saa 8:45. Kwa kapi gari linatoka kwa dakika kumi, bila kelele na bila winchi kulia. Saa 9:15 alasiri wanafika kituo cha nane.

Mguu uliopaswa kula dakika 48 umekula 155. Zimebaki dakika 135 kwa miguu mitano, 27 kwa kila mmoja, katika nchi ambayo asubuhi yote iliwadai 52. Wanamaliza mitatu. Vituo 11 kati ya 13.

Mita zilipotelea wapi

Wengi wakisikia kisa hiki hukimbilia winchi. Winchi ilikosewa, na tutaifikia. Lakini kosa lililowatoa lilifanyika saa 6:40, kabla gari halijasogea.

Chora mstari wa mita 2,600. Weka alama kwenye 1,400, penye laga, kisha kivuko mita 600 pembeni. Ukijua kivuko kipo kabla ya kuondoka kituo cha saba, huendi ukingoni halafu ukakunja. Unakata kona moja kwa moja: kutoka kituo cha saba hadi kivukoni ni mita 1,523, na kutoka hapo hadi cha nane ni 1,342. Jumla 2,865. Ziada ni mita 265 tu.

Kivuko ni kilekile, laga ileile. Anayejua mapema analipa 265, na anayegundua akiwa ukingoni analipa 742. Tofauti ya mita 477 haikuletwa na ardhi, ililetwa na kuchelewa kujua. Na kwa mita 265 hakuna ambaye angebishana. Wangezunguka, wangetumia kama dakika 50, na wangebaki na 240 kwa miguu mitano, yaani 48 kila mmoja, mwendo uleule waliokuwa nao.

GPS iko ndani ya gari. Miguu ya mkimbiaji haihesabiwi. Hii ndiyo kanuni ambayo timu mpya huisoma na kuisahau. Wakimbiaji hufanywa watoa mawe mbele ya bampa, kazi ambayo fundi na mwenye winchi wanaiweza, wakati thamani yao kubwa ni kuwa kilomita moja mbele ya gari, wakinunua habari kwa jasho badala ya mita. Mtu mwenye mazoezi hukata kilomita 1.4 ya pori la mawe kwa takriban dakika 15. Dakika saba nyingine zinamtosha kukagua mita mia kadhaa za ukingo. Gari lilipokuwa likihangaika kufika kituo cha saba, wakimbiaji walikuwa na nafasi ya kwenda na kutoa taarifa. Wangekuwa wamekaa kivulini ukingoni, wanakunywa maji, gari linapofika kituo cha saba.

Waende wawili, kamwe si mmoja, kila mmoja na redio na maji. Ni nchi ya tembo na nyati, na mtu aliyeteguka mguu peke yake nyuma ya kilima ataigharimu timu siku nzima.

Kuna jambo la pili, na hili linawahusu wanawake zaidi. Kwenye laga ngumu watazamaji hukusanyika. Timu ya wanawake ikisimama ukingoni na kuanza kuzungumzia kuzunguka, sauti zinatoka kila upande: shuka tu, vuta kulia, weka ya kwanza. Ushauri mwingine ni mzuri, lakini unatolewa na watu wasiobeba hesabu ya dakika 48. Na zaidi ya ushauri, kuna ile hisia ya kwamba kuzunguka mbele ya macho ya watu ni kukiri kushindwa. Tunaamini hisia hiyo imekula vituo vingi kuliko mchanga. Njia ya kuikata ni kuamua kabla hujafika penye watu, na kuwa na mtu mmoja tu mwenye neno la mwisho juu ya njia. Katika timu hii dereva na msomaji ramani walikuwa na mamlaka sawa, ndiyo maana zikaenda dakika nane. Sisi tungempa msomaji ramani. Dereva anaamua namna ya kupita, si mahali pa kupita.

Taarifa yenye namba

Mkimbiaji akisema kwa redio "ni mbaya lakini inapitika," hajasema kitu. Ubaya wa nani? Anayetakiwa kuamua yuko mbali na haoni. Taarifa ya laga ina namba nne na neno moja: kimo cha ukingo, mwinuko, upana wa sakafu, kina cha mchanga, na aina ya udongo.

Kimo hupimwa kwa mwili. Mwenzako asimame chini ya ukuta. Ukingo ukimfika kidevuni na yeye ana mita 1.65, una kama mita 1.4. Mwinuko hupimwa kwa programu ya kipima-mwinuko ya simu iliyolazwa juu ya fimbo, au kwa macho yaliyozoezwa: nyuzi 30 unapanda kwa miguu ukiinama, nyuzi 45 lazima ushike kwa mikono. Upana ni hatua, na kila mkimbiaji ajue hatua zake katika mita 100 kabla ya siku hiyo. Mchanga, piga kisigino: ukizama hadi kifundo cha mguu, tairi zishushwe upepo kabla ya kushuka, si baada. Udongo, ruka juu ya mdomo wa ukingo mara tatu. Ukiona nyufa zinafunguka nyuma ya miguu yako, ule ukingo hautalibeba gari la tani mbili. Mruko huo wa sekunde tano ungewaepushia dakika 35 za majembe.

Ikisikika redioni inakuwa hivi:

"Dada, laga iko mia tatu na hamsini za gari mbele yenu. Huku mita tatu, imepasuka, msiikaribie. Sakafu hatua ishirini na tano, mchanga wa kifundo. Ng'ambo mita tatu na nusu, nyuzi arobaini na tano. Kivuko cha ng'ombe mia sita juu ya mto, nimekipita kwa miguu, nyuzi ishirini pande zote. Natuma alama yake."

"Nimepata. Tunakata kona kwenda kivukoni. Subirini hapo, mtoe mawe."

"Mia tatu na hamsini za gari" ni urefu wa gari lao mara 350, kwa gari fupi lenye karibu mita 4, yaani kama mita 1,400. Kila timu ina kipimo chake cha namna hii. Kinachofaa ni kile ambacho dereva akikisikia anakiona.

Ramani ilikuwa imesema

Turudi usiku wa kabla. Kwenye 1:50,000, milimita 1 ni mita 50, sentimita 2 ni kilomita. Laga ya upana wa mita 18 haina hata nusu milimita, inaonekana kama mstari tu. Kimo cha kingo zake hakionekani kabisa, kwa sababu mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja, imeachana kwa mita 20 katika karatasi nyingi za Kenya, na kwa futi 50 katika zile za zamani. Ukuta wa mita 3.5 unapita katikati ya mistari miwili bila kuigusa. Kwa hiyo ramani haiwezi kukuambia kama laga inapitika. Inachoweza ni kukuambia wapi pa kuuliza.

Tafuta mahali njia za miguu zilizochorwa kwa nukta zinapokata laga: mifugo imepita hapo kwa miaka. Tafuta mahali laga mbili zinapokutana, maana kingo hapo mara nyingi zimebomoka. Tafuta mahali kontua zinapoachana, kwa kuwa mto ukitoka kwenye mwinuko na kuingia tambarare hupanuka, kingo zikashuka. Nje ya mpindo mto hula ukingo na kuusimamisha wima, ndani ya mpindo huacha mchanga uliolala. Kivuko kizuri huwa baina ya mipindo miwili, mto unapohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kila mahali pa namna hii panaandikwa namba kwenye ramani, na wakimbiaji wanapewa orodha: laga ya mguu wa saba, angalia pointi mbili, kwanza hii, halafu ile. Timu ya kisa hiki ilitumia usiku wote kupanga mfululizo wa vituo. Ni kazi ya lazima. Ukishapewa pa kuanzia, vituo 12 vilivyobaki vinaweza kupangwa kwa njia 479,001,600, ingawa macho huondoa karibu zote kwa dakika chache. Walipopata mpangilio mzuri wakalala. Ilibaki saa moja ya kuuliza maswali ya laga, nayo haikutumika.

Na kabla ya yote hayo, rejea ya viwianishi, yaani msingi ambao namba hizo zinapimwa kutoka kwake. Ramani nyingi za Kenya zimechorwa kwa rejea iitwayo Arc 1960, wakati vifaa vya GPS kwa kawaida huja vimewekwa WGS 84. Ukisoma nukta kwa rejea moja na kuichora kwa nyingine, inahama kwa takriban mita 300 kaskazini au kusini, na zaidi ya mita 80 mashariki au magharibi. Hizo ni milimita sita kwenye karatasi. Nukta iliyokuwa juu ya kilima inashuka bondeni, na mpango wote unajengwa juu yake. Soma maelezo ya waandaaji yanasema viwianishi vimetolewa kwa rejea gani, weka kifaa hivyo, kisha jaribu kwa nukta moja unayoijua, kambi kwa mfano. Vifaa vyote viwili au vitatu vya timu viwe sawa, pamoja na simu ya mkimbiaji. Alama ya kivuko ikitumwa kutoka simu yenye rejea tofauti, gari litafika ukingoni mita 300 kutoka kivukoni, na kila mtu atadhani mwenzake amekosea kusoma.

Winchi, kwa utaratibu

Nguvu iliyoandikwa kwenye winchi, kilo 4,300 kwa mfano huu, ni ya safu ya kwanza ya kamba kwenye ngoma. Kila safu inayoongezeka inapunguza nguvu. Ukifika ya tatu imeshuka kwa robo na zaidi. Walianza vizuri, mita 24 zikiwa nje na nne tu ndani. Lakini walivuta kwa pembe, kamba ikajirundika upande mmoja, na safu za pembeni zikapanda upesi kuliko zilivyotakiwa.

Gari la kilo 2,400 kwenye nyuzi 45 linadai kilo 1,700 kwa uzito wake peke yake. Ongeza udongo mlaini unaoshika magurudumu. Ongeza mdomo wima, ambao kwa tairi la mbele si mlima tena bali ni ukuta, na mzigo unaruka ghafla. Mota ya umeme ikizidiwa hivyo huvuta ampea 400 na kuendelea. Alteneta haiwezi kuleta hata robo ya hizo injini ikiwa chini, kwa hiyo betri ndiyo inayolipa, volti zinashuka, na mota yenye volti pungufu na mzigo mkubwa hupata moto haraka. Vuta dakika moja, pumzisha, huku injini ikizunguka kama mara 1,500 kwa dakika. Dereva asaidie kwa magurudumu polepole, yasizunguke kwa kasi, maana yakichimba yanatengeneza ukuta mwingine.

Kapi linapunguza mzigo wa winchi kwa nusu na mwendo kwa nusu. Kwa mwanamke mwenye kilo 55 anayefanya kazi hii siku nzima ndilo jibu la karibu kila kitu: badala ya nguvu, njia ndefu. Lakini kapi halina maana bila mkanda wa kurefushia. Uzito wake ni kilo chache, uachwe mwisho kabisa. Mkanda wa mti uwe mpana wa sentimita 8 au zaidi, ufungwe chini kabisa ya shina, mgunga usichubuke wala kung'oka. Juu ya kamba ikiwa imekazwa weka blanketi zito, na hakuna mtu anayeiruka wala kusimama sambamba nayo. Mwenye winchi ndiye pekee anayetoa ishara, na kila mtu mwingine anyamaze.

Mwili na vifaa

Nati za Land Cruiser zilizokazwa gereji kwa mashine hazifunguki kwa spana fupi. Bomba la mita 1 juu ya mpini wa spana linamtosha mtu wa kilo 55 kusimama juu yake. Tairi la inchi 35 pamoja na rimu lina karibu kilo 40: halinyanyuliwi mikononi, linapandishwa kwa jembe lililowekwa chini yake kama nyenzo, mmoja akikandamiza mpini, mwingine akilinganisha matundu. Jeki ndefu ya mpini hutakiwa kuheshimiwa. Mpini ukiachiwa katikati ya njia hurudi kwa nguvu ya gari zima, kwa hiyo uso na kidevu viwe pembeni yake daima.

Dereva mfupi awekewe mto mgumu, aone pembe zote mbili za boneti. Asiyeona pembe anaendesha kwa kubahatisha. Upepo wa tairi usishuke chini ya psi 15 kama rimu hazina kifungio cha tairi, kwani kwenye mawe tairi hutoka rimuni. Na tairi lililolegea huchubuka ubavu kwa miba ya mgunga, ambapo pancha haizibiki kwa kamba za kuzibia. Basi likitoka mchangani lijazwe tena hadi 20 hivi kabla ya mawe.

Maji: nusu lita kwa mtu kwa saa ndio mwanzo, wakimbiaji lita nzima jua linapopanda. Kwa watu sita na saa 10, hiyo ni lita 40 na akiba juu yake, pamoja na chumvi za kuongeza maji. Sidiria ya michezo iliyozoeleka, suruali ndefu nzito, gaita za kuzuia miba, glavu za ngozi zinazoenea vidole vya mwenye nazo. Glavu kubwa za kiume hunaswa kwenye kamba. Hedhi ipangiwe kama kitu kingine chochote cha safari: mfuko mmoja wa pedi, vitambaa vyenye unyevu na mifuko ya kubebea taka ukae mahali kila mmoja anapajua, na msomaji ramani aweke vituo vya kujisaidia katika mpango wake. Mkimbiaji anayejinyima maji ili asitafute kichaka ataanguka saa nane.

Zoezi la wiki nane

Timu hii ikijipanga tena, tungeiweka kwenye mto mkavu mmoja kila Jumamosi, iwe Kajiado au kwingine penye ruhusa ya wenye ardhi. Gari linasimama mita 1,500 kutoka laga na haliondoki. Wakimbiaji wanakwenda, wanapima, wanatuma namba nne na neno moja. Msomaji ramani anachora kwa penseli, anapiga hesabu ya njia mbili au tatu, na ana sekunde 90 za kutamka moja. Kisha gari linakwenda na mita halisi zinalinganishwa na alizosema. Wiki nne za kwanza hakuna winchi kabisa. Wiki nne zinazofuata winchi inafungwa kwa kapi, kila mmoja wa sita kwa zamu, pamoja na dereva, kutoka kamba ikiwa ndani hadi gari likiwa juu, na mwenye saa anasoma dakika kwa sauti.